Pazia la Mkwe Ndani ya Ndege

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua nilipomcheka mwanaume mzima mbele ya kijiji chake, nikidhani anaogopa ndege. Kijiji kizima kilicheka pamoja nami. Nilifurahi sana, mwanangu, mpaka nilipogundua, tukiwa tumeshafika mawinguni, kwamba hawakuwa wakimcheka yeye.

Keti nikueleze polepole, maana habari hii ina mambo ya ndege, mambo ya dawa na mambo ya ukwe, na ukiyachanganya hutaelewa hata moja.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Bunduki zilikuwa zimenyamaza, mkataba umetiwa saini, nasi tuliokuwa wakimbizi Uganda tukarudi na magodoro yetu juu ya malori, tukiimba njia nzima hadi Juba. Mimi nilikuwa nimesomea uuguzi kule ukimbizini. Lakini vita vilikuwa vimekwisha midomoni mwa wakubwa tu. Ardhini vilikuwa bado vimefukiwa. Mtu alirudi kwenye shamba alilolikimbia, akainua jembe, akakanyaga bomu lililomsubiri miaka yote hiyo. Madaraja yalikuwa yamevunjwa na barabara zilikuwa tope. Majeruhi akibebwa mabegani kutoka mbali, alifika Juba akiwa maiti au hakufika kabisa. Ndipo watu wema wakatuletea ndege ndogo na rubani wake, na hospitali ikatakiwa kutoa wauguzi wa kuruka nayo.

Kutoa ni neno jepesi. Tulikuwa watatu. Mmoja alirudishwa wodini kwa sababu wodini nako watu hawakutosha. Wa pili, rafiki yangu mpenzi, alikuwa akitapika tangu ndege inapowashwa mpaka inapozimwa, hata wagonjwa wakawa wanampa pole yeye. Nikabaki mimi. Na wazee walishasema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Aliyetufundisha aliitwa Bwana Lado. Alikuwa tabibu wa makamo, mpole, mwenye masharubu ya mvi, na wakati wa vita aliwatibu majeruhi porini. Ndege ya mafunzo haikuwapo, maana ndege yenyewe ilikuwa kazini. Basi alichukua benchi refu akaliweka kwenye baraza ya hospitali, mmoja wetu akalala juu yake kama mgonjwa, na vijana wawili wa usafi wakawa wanalitikisa huku wakinguruma kwa midomo yao kama injini. Watu waliokuja kuchukua dawa waliacha foleni wakaja kututazama. Tulicheka mpaka mgonjwa wetu wa uongo akaanguka.

Lakini ndani ya mchezo ule kulikuwa na elimu, mwanangu. Ndege ndogo ina kelele nyingi; ukiweka kipimo masikioni usikilize moyo wa mgonjwa, utasikia injini tu. Kwa hiyo Bwana Lado alitufunga vitambaa machoni, akatufundisha kuhesabu mapigo kwa ncha za vidole, na kujua joto la mtu kwa mgongo wa mkono. Kisha akatufungua macho akasema, "Sasa tazameni midomo na kucha. Damu ikipungua, rangi inaondoka hapo kwanza. Angani uso wa mgonjwa ndio barua yake kwako. Usiache kuusoma."

Vifaa navyo vilikuwa hadithi. Machela ya hospitali haikupita kwenye mlango wa ndege. Tulimwita seremala wa mtaa wa Hai Jalaba, aliyezoea kutengeneza vitanda na majeneza. Akaupima mlango kwa kamba, akatikisa kichwa, akatutengenezea machela fupi yenye mikono inayokunjika. Mpira wa mashine ya presha ulikuwa umetoboka, tukauziba kwa kiraka cha baiskeli. Na maji ya dripu yalikuja katika chupa za kioo. Tuliwahi kuining'iniza moja kwenye ndoano ya dari, ndege ikayumba, chupa ikapiga ukuta, tukaoga maji ya chumvi sote. Kioo na mtikisiko havipatani. Tangu hapo chupa ilishikwa kwa mkono.

Mkono wa nani sasa, nami niko peke yangu? Mkono wa ndugu wa mgonjwa. Unajua kwetu mtu haendi hospitali peke yake. Ataandamana na wa kumpikia, wa kumfulia na wa kumliwaza. Ndege haikuweza kubeba ukoo, lakini nafasi ya mtu mmoja ilikuwapo. Basi kila tulipotua, nilichagua ndugu mmoja nikamfundisha papo hapo: inua chupa hivi, nikikunja ngumi bana mpira, na hata mgonjwa akikulilia vipi, usimpe maji ya kunywa. Usione vyaelea, vimeundwa. Na sisi tuliviunda hivyo hivyo, kwa watu tuliowakuta.

Asubuhi ile tulitua kwenye uwanja wa nyasi, mbali, karibu na mpaka wa Kongo. Mama mmoja aliyeitwa Kiden, aliyerejea kutoka kambini Uganda, alikuwa amekwenda kufungua shamba lake la zamani. Mwenzake aliyetangulia mbele hakupatwa na kitu. Yeye alipokanyaga pembeni kidogo, bomu likalipuka na vipande vikampasua paja. Nilimkuta amelala kwenye mkeka, macho makali, midomo imepauka. Nilikaza bandeji, nikamfunga gango mguu usicheze, nikamtia dripu. Damu ikasimama. Lakini nilijua imesimama kama mlango usio na komeo: ukisukumwa kidogo utafunguka, na damu aliyobaki nayo haikuwa ya kumwagwa tena. Ilikuwa lazima alale kimya mpaka Juba.

Rubani wetu alikuwa mzungu aliyezaliwa Kenya. Watu walimwita Kawaja, kama wanavyowaita wazungu wote. Kiswahili chake kilikuwa cha shambani, chenye amri nyingi na adabu chache, lakini moyo wake ulikuwa mwema.

"Sista, fanya maneno upesi!" akaniita. "Mvua nakuja hapo, angalia! Sisi nalala hapa leo kama wewe nacheza!"

Nikatazama nani ashike chupa. Binti wa mgonjwa alikuwa mjamzito, siku zake zimefika, huyo hapana. Mdogo wa mgonjwa, mama mnene mwenye kitambaa chekundu, alikuwa amenishika mkono akisema, "Mimi, nipeleke mimi," huku machozi yanamtiririka. Nikasema moyoni, huyu analia, atanisumbua. Kisha nikamwona mwanaume mmoja mrefu, mabega mapana, amesimama mbali na wengine, kimya, ametazama upande wa msituni. Nikajiambia, huyo ndiye. Wote wamechanganyikiwa, yeye ametulia.

"Wewe! Wewe mrefu, njoo hapa!"

Akajigusa kifuani. "Mimi?"

"Wewe. Utapanda, utashika chupa ya mama."

"Sista, mimi hapana weza. Kamata mtu ingine."

"Kwa nini huwezi?"

Akatazama miguu yake. "Mimi hapana weza tu, Sista."

"Ala! Mwanaume mzima na mabega kama hayo unaogopa ndege? Mama huyu amelala hapa na jeraha lake, hajaogopa!"

Hapo ndipo kijiji kilipocheka. Bibi mmoja alipiga makofi akasema, "Yuu! Sista amemaliza maneno!" Kijana mwingine akaita, "Panda, Wani! Leo utaona dunia!" Wani akanitazama kama mtu anayetaka kusema jambo na ulimi haumruhusu. Kawaja akawasha injini. Wani akavuta pumzi, akapanda kinyumenyume, mgongo mbele.

Nami sikujiuliza kwa nini mtu aingie ndegeni kinyumenyume.

Tulipokwisha kupanda angani, mambo yakaanza. Wani aliketi amenipa mgongo mimi na mgonjwa, uso ameubandika dirishani, na mkono wenye chupa ameupeleka nyuma kama mtu anayeficha kitu. Chupa ililala upande. Maji yakaacha kushuka, damu ikaanza kupanda katika mpira. Nikamgonga bega, nikamwonyesha: inua! Akainua bila kugeuka, na chupa ikagonga kichwa changu.

Mama Kiden naye alikuwa amevuta blanketi akajifunika uso wote. Nikalifunua, nisome midomo yake kama nilivyofundishwa. Akajifunika. Nikafunua. Akajifunika tena, akaugeuza mwili mzima upande wa ukuta, na gango likateleza. Nilipotazama chini, bandeji ilikuwa nyekundu na wekundu ulikuwa ukitembea.

Mwanangu, pale ndipo nilipoacha kuwa hodari. Nilikandamiza jeraha kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikatafuta mapigo. Yalikuwa membamba kama uzi, yanakimbia. Nilihitaji mikono yangu yote miwili kwenye paja lile, nilihitaji chupa iliyosimama wima, na nilihitaji mama yule asigeuke tena. Sikuwa na hata kimoja katika hivyo vitatu. Juba ilikuwa bado mbali.

Nikainamisha kichwa mpaka sikio langu likagusa mdomo wake. "Mama, ukigeuka damu inatoka! Kwa nini unageuka?"

Akaacha Kiswahili cha kambini, akanijibu kwa Kibari, lugha yetu, kwa sauti ya mtu aliyechoka na watoto wajinga. "Binti yangu, umeniletea mume wa mwanangu akae magotini pangu, mguu wangu uko wazi mpaka pajani, kisha unaniuliza kwa nini nageuka?"

Nikamtazama Wani. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

Labda wewe uliyezaliwa mjini hulioni jambo lenyewe. Kwetu mwanaume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawapiti njia moja nyembamba, wakikutana mmoja huingia majanini. Si chuki, ni heshima nzito kuliko zote. Nami nililijua hilo tangu utotoni, maana hata kambini Uganda wazee wetu walilishika. Nilikuwa nimewaweka wawili hao katika kisanduku cha bati ambamo magoti yao yalikuwa yanagusana. Kijiji kililijua hilo; ndiyo maana kilinicheka mimi.

"Iko nini huko nyuma?" Kawaja akapiga kelele. "Ndege nacheza-cheza!"

"Ni mkwe!" nikajibu.

"Nini?"

"Mkwe! Nimempakia na mama mkwe wake!"

Kawaja aligeuka akatutazama mmoja mmoja. Alikuwa amekulia kati ya watu wenye desturi kama hiyo, akaelewa mara moja. "Wewe Sista!" akasema. "Wewe hapana uliza?" Kisha akacheka mpaka ndege nayo ikawa kama inacheka.

Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. Nilikuwa nimevaa kitenge juu ya sare kwa sababu ya baridi ya juu. Nikakifungua kwa mkono mmoja, nikamrushia Kawaja ncha moja, akaifunga kwenye kiti chake. Ncha nyingine niliifunga kwenye ndoano ile ile ya dari tuliyovunjia chupa. Kikashuka kati yao kama ukuta wa nyumba. Upande huu mimi na Mama Kiden. Upande ule Wani na aibu yake. Nikamshika Wani kiganja, nikakipitisha juu ya kitenge, chupa ikiwa wima. Kutoka kwetu ulionekana mkono tu, na mkono hauna macho.

Mama Kiden akatazama. Akaliachia blanketi mwenyewe. Akalala chali, akatoa pumzi ndefu, uso wake wote wazi. Nikashuka kwa mikono yangu miwili juu ya paja lile, nikakandamiza kwa uzito wote niliokuwa nao. Maji yakaanza kudondoka katika mpira, tone baada ya tone. Nilimsoma midomo. Kwa muda sikuona badiliko lolote. Kisha wekundu wa bandeji ukasimama mahali ulipofika.

Nilipojua kwamba hafi, ndipo yeye alipoanza kusema.

"Mwambie mtu huyo wa nyuma ya pazia kwamba mkono wake unashuka."

Kwetu mkwe na mkwe husemezana kupitia mtu wa tatu, nami nikawa huyo mtu. "Wani! Mama anasema mkono unashuka!"

Mkono ukapanda. "Mwambie mama, mkono imechoka kidogo tu," ikaja sauti.

"Anasema umechoka."

"Mwambie alipokuja kuposa alisema ana nguvu za nyati."

Nikapeleka salamu hiyo. Pazia likatikisika, Wani alikuwa anacheka. "Mwambie mama, nyati hapana shikanga chupa."

Mama Kiden akafumba macho, kifua kikimtikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia, nami nikamwomba kwa jina la Mungu asicheke, atanifungulia jeraha. Akanivuta tena karibu. "Mwambie na hili," akasema. "Niliwaambia wazee wasimpe binti yangu, kwamba mikono yake ni mivivu. Leo nimeyarudisha maneno yangu tumboni."

Nilipomwambia Wani, akaunyoosha mkono juu zaidi. Mkono ule haukushuka tena mpaka magurudumu yalipogusa Juba.

Bwana Lado alitupokea uwanjani. Hakuuliza kitu mpaka mama alipoingia chumba cha upasuaji na daktari akatoka kusema mguu utabaki. Ndipo aliponikalisha kwenye lile benchi la baraza. Nilikuwa nimemweleza yote, nikitegemea sifa kwa ajili ya kitenge.

"Kitenge ni vizuri," akasema. "Yule mdogo wa mgonjwa, uliyemwacha, alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa analia, Bwana Lado."

"Alikuwa analia kwa mikono?"

Nikatikisa kichwa.

"Machozi hayashiki chupa, lakini hayaiangushi pia. Na Wani, alikuwa amesimama wapi?"

"Mbali."

"Mtu ana mgonjwa wake, anamhurumia, na anasimama mbali. Kwa nini?"

Nikainamisha kichwa. Akaniwekea mkono begani, maana hakuwa mtu wa kumwacha mwenzake topeni hata akimsukuma mwenyewe ndani yake. "Porini tulibeba majeruhi kwa machela za mianzi," akaniambia. "Kabla ya kuinua tuliuliza nani ni nani wa nani. Mkwe hakushika kichwani. Alitangulia mbele akifyeka njia kwa panga, mgongo wake kwa mgonjwa, na hakuna aliyefanya kazi kumpita. Kila mtu ana mahali ambapo nguvu zake hutoka zote, Keji. Wewe ulichukua mabega yake ukamwacha mwenyewe chini."

Wiki ile ile fundi cherehani alitushonea pazia la ndege lenye pete, nasi tukalitunza pamoja na bandeji na gango. Na katika mafunzo ya baraza tuliongeza somo: vijana wa usafi walipokwisha kunguruma, tuliwapa ukoo wa kuigiza, mmoja shemeji, mmoja mkwe, mmoja mke mwenza, na mwanafunzi aliulizwa amchague nani na amketishe wapi. Wauguzi wapya walipokuja, lile ndilo somo walilolipenda kuliko yote, kwa kelele zake na kwa vicheko vyake. Hawakujua kwamba mama mmoja alikuwa karibu kulilipia kwa damu.

Mama Kiden alitoka wodini akitembea kwa fimbo. Siku hiyo Wani alifika na mbuzi. Kwetu mkwe akichinja kwa heshima, wazee wanaweza kulegeza ile miiko, wawili hao wakasalimiana. Walisalimiana nje ya lango la hospitali, yeye akitazama mbuzi, mama akitazama mawingu, na wanawake wote wa wodi wakapiga vigelegele. Mimi nilipewa mguu wa nyuma wa mbuzi yule, na kitenge kipya, kwa sababu cha zamani Mama Kiden alikataa katakata kukirudisha. Alisema atamfungia mjukuu wake mgongoni, yule aliyezaliwa siku chache baada ya sisi kuruka.

Basi, mwanangu, wewe unayekwenda kazini kuokoa watu, sikiliza ninachokuusia. Utakuta watu hawatoshi, mafunzo ni mafupi na vifaa vimetiwa viraka. Usikate tamaa, na usione haya kutumia ulichovaa. Lakini watu ulio nao, wajue. Kabla hujampa mtu mzigo, muulize yeye ni nani kwa huyo anayekwenda kumbebea. Kuuliza si ujinga, na hakupotezi muda kama unavyodhani. Mimi niliokoa dakika moja chini, nikakaribia kupoteza mama wa watu juu. Mtu akikuambia "siwezi" asitaje sababu, usimdhihaki. Msogelee, mpe sikio lako, kwa kuwa sababu nyingine ni za kunong'onwa tu. Anayelia si dhaifu, na aliyesimama mbali si lazima awe ametulia. Na heshima ya mgonjwa ifunge kama unavyofunga jeraha lake, maana vyote viwili hutoka damu. Ukimwekea pazia pale anapolihitaji, atalala kimya mwenyewe, na mikono yako itapata nafasi ya kufanya kazi.

Mungu wa baba zako akupe vidole vinavyosikia na macho yanayosoma. Akupe wenzako wanaokusahihisha wakiwa wamekushika bega. Kila unayemwinua akiwa amelala, Mungu amjalie ashuke akicheka. Na siku utakapobebwa wewe, mwanangu, ubebwe na watu waliouliza kwanza.